Kadi za nomino: shajara ya mradi, Moshi, Machi hadi Julai 2025

Jumatatu, 17 Machi

Nimekata manila ya kwanza. Shiti moja imenipa kadi 32 zinazoenea kiganjani, kwa hiyo shiti nane zitatosha kwa kadi 240 nilizopanga, na zitabaki kumi na sita za kuharibu. Kila kadi itabeba nomino moja ya Kiingereza, jina la kitu cha kila siku. Mbele umoja, nyuma wingi, na chini ya kila upande sentensi moja fupi ambayo mwenye kadi anaweza kuisema kesho kazini.

Wanafunzi ni 11. Sita ni wapagazi wa Kilimanjaro, wenyewe hujiita wagumu. Wapo mama wawili wanaouza mboga na matunda sokoni, mama fundi cherehani, dada anayesafisha vyumba katika nyumba ya wageni, na kijana fundi pikipiki. Tunakutana barazani kwangu Jumanne na Alhamisi jioni. Masika ndiyo nafasi yetu: mvua hupunguza wageni mlimani, wagumu wanakaa nyumbani. Juni ikifika katikati wataanza kuitwa tena, na mimi nitabaki na mama zangu wa sokoni.

Kwa nini wingi wa nomino, wakati kuna mambo makubwa zaidi katika Kiingereza? Mpagazi anayetaka kupanda cheo awe msaidizi wa kiongozi hupewa orodha ya vifaa, anavihesabu, anaisoma orodha mbele ya wageni. Mahema mangapi, mitungi mingapi, visu vingapi. Akisema "two tent, three bag" ataeleweka, sikatai. Lakini anajua amekosea, hajui wapi, basi anashusha sauti. Nimeona watu wazima wenye watoto sekondari wakishusha sauti kwa ajili ya herufi moja. Hilo linaniuma.

Kadi nimezipanga kama nilivyofundishwa mimi: fungu la -s, fungu la -es, fungu la -ies, fungu la -ves, na fungu la wakaidi, yaani maneno yasiyofuata kanuni.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kwanza. Nilikuja na orodha yangu ya maneno, nikaifunika kabla sijaisoma. Nilimwomba kila mmoja ataje vitu anavyovishika kwa mikono yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Wagumu: hema, gunia, mtungi wa gesi, sufuria, kisu, kijiko, mkate, tochi, betri, maji, kamba, godoro. Dada wa vyumba: shuka, taulo, mto, foronya, ufunguo, ufagio, sabuni. Mama wa sokoni: nyanya, vitunguu, viazi, parachichi, ndizi, mchicha, ndoo, mzani, chenji. Fundi cherehani alitaja mkasi kabla sijamaliza swali.

Tumepata maneno 97. Katika orodha yangu mwenyewe yalikuwamo ubao, rula, chaki na dawati. Nimeyafuta yote.

Alhamisi, 20 Machi

Jaribio la ndege. Mwaka 1958 mtaalamu wa lugha wa Marekani, Jean Berko, alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto wadogo. Aliwaonyesha picha ya kidude kama kindege, akakipa jina lisilokuwapo katika Kiingereza: wug. Halafu akawaonyesha viwili, akaanza sentensi na kuwaachia waimalizie. Watoto wengi wakasema "wugs", ingawa neno hilo hawakuwahi kulisikia popote. Hapo ilionekana kwamba mtoto hakariri maneno tu, ana kanuni kichwani.

Nilianza kwa Kiswahili. Nikachora kidude chenye miguu mitatu: "Hiki ni kibesu." Nikachora cha pili: "Sasa vipo viwili. Hivi ni..." Wote kwa pamoja, bila hata kuvuta pumzi: vibesu. Mama mmoja wa sokoni akaongeza, "Tena vibesu vibaya hivi, mwalimu." Kivumishi nacho kimepatana. Hakuna aliyemfundisha neno kibesu, nimelitunga usiku wa jana.

Kisha nikachora ndege wa Berko. "This is a wug. Now there are two..." Wanane wakasema "two wug". Watatu "two wugs", na mmoja kati ya hao aliitamka "wugisi".

Nimeandika jibu hili kwenye daftari bila kulielewa. Kwenye kibesu wamebadilisha papo hapo. Kwenye wug wameacha neno lilivyo. Si kwamba hawajui wingi ni nini.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeanza daftari la makosa. Naandika sentensi kama ilivyosemwa, na pembeni naandika sentensi ya Kiswahili ambayo nadhani ilikuwa kichwani mwa msemaji. Ya wiki hii:

"I sell five tomato." Nauza nyanya tano.
"Give me two plate." Nipe sahani mbili.
"The waters are finished." Maji yamekwisha.
"My moneys are few." Pesa zangu ni chache.
"I have many luggages." Nina mizigo mingi.
"Wash your hairs." Osha nywele zako.
"I have knife." Nina kisu.

Nimeisoma mara tatu. Wiki ijayo ni ya Idi, hatukutani, nitakuwa na muda wa kulitazama daftari hili vizuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeona. Naandika haraka kabla halijanitoka.

Wanaoacha -s hawaiachi kila mahali. Wanaiacha kwenye nyanya, sahani, chupa, kalamu, nguo, meza, ndizi, tochi, betri. Zote ni ngeli ya I-ZI, ambayo kwetu nomino yake haibadiliki: nyanya moja, nyanya tano. Wingi wetu hapo haukai kwenye jina. Unakaa pembeni, kwenye nambari na kwenye kitenzi: nyanya tano zimeiva. Mama anaposema "five tomato" ameshaona kwamba five imefanya kazi yote, kama tano inavyofanya. Wug naye, kwa kuwa ni mgeni asiye na kiambishi, wamempeleka huko huko I-ZI, ambako maneno mengi ya kigeni huishia.

Na wanaozidisha -s wanaizidisha kwenye maji, maziwa, mafuta, nywele, pesa, mizigo, vifaa, habari. Kwetu hivyo ni wingi. Maji ya-me-kwisha. Maziwa ya-na-chemka. Pesa zi-me-isha. Mtu aliyekua akisema "maji mengi" atakubali vipi, mara moja tu, kwamba water ni umoja na "many water" ni kosa? Kwake maji hayajawahi kuwa kitu kimoja.

Kumbe makosa yote yana mama mmoja, naye ni Kiswahili safi kabisa. Na mimi nimepanga kadi kwa tahajia ya Kiingereza, ambayo ndiyo shida ndogo kuliko zote. Tofauti ya -s na -es mtu huijua kwa wiki mbili. Kujua wapi Kiingereza kinahesabu na wapi hakihesabu, hilo ndilo jambo.

Nimetawanya mafungu yote sakafuni. Napanga upya kwa ngeli za Kiswahili.

Jumanne, 8 Aprili

Kadi 110 zimepangwa upya katika mafungu haya.

Fungu la kwanza ni "linabadilika kwetu, linabadilika kwao": kisu, visu, mto, mito, kijiko, vijiko, mtoto, watoto. Hapa kosa ni tahajia tu.

Fungu la pili ni "kwetu halibadiliki, kwao linabadilika": nyanya, sahani, chupa, betri. Kadi hizi nimezipaka rangi nyekundu kwenye kona. Kwenye nyekundu, usiisahau -s.

Fungu la tatu ni "kwetu wingi, kwao umoja": maji, maziwa, mafuta, nywele, pesa, mizigo, vifaa. Kona ya bluu. Kwenye bluu, -s ni marufuku.

La nne ni "kwetu umoja, kwao wingi", na nilipoanza nilidhani halitakuwa na kitu. Mkasi, suruali, bukta, koleo, miwani. Kona ya kijani.

La tano ni dogo na limewafurahisha kuliko yote: "kwetu halibadiliki, na kwao halibadiliki". Sheep ni kondoo: one sheep, ten sheep, kondoo mmoja, kondoo kumi. Fish hivyo hivyo, samaki watatu ni three fish. Kijana fundi pikipiki akasema, "Mwalimu, hawa Waingereza wa kondoo ni ndugu zetu."

Nimebadilisha jambo jingine. Mbele ya kadi sasa naandika "a knife", siyo "knife". Kiswahili hakina kitu kinacholingana na a, kwa hiyo nomino yetu ya umoja inatembea peke yake: nina kisu. Ya Kiingereza ya kuhesabika, ikiwa moja, haitoki nyumbani bila mtu wa kuisindikiza: a knife, my knife, this knife. Ikiwa wingi inaweza kwenda peke yake. Basi kadi iseme hivyo yenyewe kila inapotazamwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Fungu jekundu peke yake, saa nzima. Limezaa jambo ambalo sikulipanga. Mama wa matunda alitaka kumwambia mgeni kwamba wazungu wanapenda parachichi, akasema "Tourists like avocado." Siyo kosa kubwa, na kwa chakula kilichokwisha pondwa au kukatwa linakubalika kabisa. Lakini "I sell banana" na "I like mango" hazikai vizuri. Kwa Kiingereza ukisema juu ya kitu kwa ujumla wake, nacho kinahesabika, unatumia wingi: I sell bananas. Sisi tunasema nauza ndizi na hatuna haja ya kueleza ni moja au ni mkungu mzima.

Kwa hiyo kila kadi nyekundu ya sokoni nimeipa sentensi ya pili upande wa wingi, inayoanza na "I sell". Mama amezikariri jioni ile ile: I sell tomatoes, I sell potatoes, I sell onions, I sell avocados. Aliuliza kwa nini tomatoes na potatoes zina -es na avocados haina. Nilimjibu kwa kweli: maneno machache yanayoishia na o huchukua -es, na katika meza yake ni mawili tu, tomato na potato. Mango inakubali njia zote mbili. Yanayobaki mpe -s: avocados, radios, photos, kilos.

Alhamisi, 24 Aprili

Baada ya Pasaka. Mvua ilianza tukiwa tumekaa tu, na juu ya bati huwezi kusikia -s ya mtu yeyote. Ikabidi tufundishane kwa kugusa.

Herufi ni moja lakini sauti ni tatu. Kwenye cups, plates, tents ni s ya kawaida. Kwenye bags, knives, towels ni z. Kwenye boxes, torches, mattresses kunaongezeka silabi nzima, kama "iz". Niliwaambia waweke vidole viwili kooni na kuvuta "sss", kisha "zzz". Kwenye z koo linatetema. Halafu wakatamka sauti inayotangulia -s: bag, koo linatetema, basi wingi ni z, cup, koo limenyamaza, basi ni s. Kanuni ya s na z imo kooni na hakuna haja ya kuikariri. Wagumu sita, vidole shingoni, mvua inapiga bati, na kila mmoja anachungulia koo la mwenzake.

Kinachotutesa ni silabi zetu kuishia na irabu. Tents inageuka "tentisi", cups "kapsi". Ndivyo tulivyopata soksi na chipsi: tumezichukua na -s yao ya wingi, tukazipa irabu ya kufungia, sasa ni soksi moja, na chipsi zinaliwa tu. Ninawaonyesha maneno hayo kwa makusudi, ili waone kwamba -s ya Kiingereza wameshaitamka tangu utotoni. Wanachotakiwa ni kuiacha bila mkia.

Boxes, torches na mattresses, ambazo kitabu huziita ngumu, zimewawia rahisi, kwa sababu i ya katikati inawapa pumziko. Kilichowashinda kabisa leo ni tents. Tutalirudia neno hili kila jioni mpaka lilainike.

Jumanne, 29 Aprili

Fundi cherehani. Nilimwachia ubao.

Alisema: "My scissor is lost." Kwake mkasi ni mmoja, umepotea, basi. Nikamwomba autoe mkasi wa pili mfukoni mwa aproni na kuutazama. Una makali mangapi? Mawili. Suruali ina miguu mingapi? Miwili. Koleo la fundi pikipiki? Meno mawili. Kiingereza kimehesabu hivyo viwili kikakataa kusahau: my scissors are lost, these trousers are long. Na ukitaka kuhesabu suruali zenyewe unahesabu kwa jozi: two pairs of trousers.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nguo moja, mwalimu? Mteja kaleta nguo moja." Hapo tulikaa. Clothes haina umoja. "A clothe" haipo, na cloth ni kitambaa. Mtu akileta nguo moja, Kiingereza kinamlazimisha aitaje: a dress, a shirt, a skirt. Mama fundi hakupendezwa. Alisema neno la maana sana: kwamba kabla hajaufungua mfuko hajui ni gauni au ni sketi, anajua ni nguo tu. Nimemwandikia kadi ya peke yake: "one piece of clothing". Ni ndefu, lakini inasema anachotaka kusema.

Miwani ilileta kisa. Mgumu mmoja, mkubwa wao kwa umri, alisimulia kwamba aliwahi kuulizwa na mgeni jioni, kambini: "Have you seen my glasses?" Akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili vimepanguswa vizuri. Mgeni hakucheka, alimshukuru, akaendelea kupapasa ndani ya hema. Kaka yetu aligundua siku ya pili alipomwona anasoma huku karatasi ameisogeza hadi puani. Miwani ilikuwa ndani ya kofia, kwenye begi alilolibeba yeye mwenyewe. "Angeniambia one glass, ningejua ni kikombe," alisema. Ndivyo hasa. A glass ni glasi. Glasses inaweza kuwa glasi kadhaa au miwani moja, na hapo unatazama mambo mengine: ni usiku, mtu anapapasa, anataka kusoma.

Halafu mtu akauliza miwani kwetu ni umoja au wingi. Miwani yangu imevunjika. Ukiichukua kama mi- ya miti, ni wingi: miti imevunjika. Ukiichukua kama nyumba, ni umoja: nyumba imevunjika. Upatanisho ni ule ule, ya na i, kwa hiyo sentensi haisemi. Nimeongea neno hili maisha yangu yote bila kulipa jicho.

Jumanne, 6 Mei

Fungu la bluu, ndilo gumu kuliko yote. Dada wa vyumba alileta swali la kazini: maji yamekatika, mgeni yuko mlangoni na taulo, amwambie nini? Alikuwa amesema "Waters are not there." Tumempa "There is no water" na "The water is back". Vilevile much na many: sisi tuna -ingi moja inayobadilika mavazi tu, maji mengi, watu wengi. Kwao kinachohesabika ni many people, kisichohesabika ni much water. Kwa anayesahau, a lot of inakaa pote.

Nilichoona kinasaidia ni kuwakumbusha vipimo vyetu. Sisi nasi hatuhesabu sabuni tukiwa dukani, tunahesabu miche: mche mmoja wa sabuni, miche miwili. Kuni ni matita. Ndizi ni mkungu, au chane. Mchele ni kilo au debe. Hakuna asemaye "nipe michele mitatu". Basi mkate kwao ni kama sabuni kwetu. Bread haihesabiki, kinachohesabika ni loaf: one loaf of bread, six loaves of bread. A bar of soap, two bars of soap. A piece of advice. Mama wa sokoni alifurahi kuona kwamba chane ya ndizi kwa Kiingereza ni a hand of bananas. Alifungua kiganja chake, akakiweka juu ya chane, vidole juu ya ndizi.

Luggage ni neno la wagumu kuliko neno jingine lolote. Mlimani mpagazi haruhusiwi kubeba mzigo wa wageni unaozidi kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Kwa hiyo neno hili husemwa mbele ya mzani, watu wamesimama. "Luggages" tumeizika leo rasmi. Ukitaka idadi, sema bags. Three bags. Twenty kilos.

Na hapo hapo ukazuka mtego mwingine: "a twenty-kilo bag", bila -s, ingawa kilo ni ishirini. Vivyo hivyo "a six-day trip", safari ya siku sita, na "six days", siku sita zenyewe. Siku zikikaa mbele ya trip kama kivumishi zinavua -s yake. Vivumishi vya Kiingereza havina wingi kamwe, wala havipatani na chochote. Kwa mtu wa "vitabu vizuri vyangu vyote" ni kama kuona mtu ametoka nje nusu uchi. Lakini ni rahisi! Sehemu moja tu ya kuweka alama.

Alhamisi, 15 Mei

Mitungi ya gesi. Mgumu kijana amesema "gases cylinder". Kwetu kichwa cha kifungu, yaani jina kuu, kinatangulia, mtungi wa gesi, mitungi ya gesi, kwa hiyo alama ya wingi inakwenda kwenye neno la kwanza. Kwao kichwa kiko nyuma: gas cylinder, gas cylinders. Neno la mwisho ndilo linalobeba. Sleeping bags, water bottles, pillowcases. Kadi 19 nimezipigia mstari chini ya neno la mwisho.

Jumanne, 20 Mei

Wakaidi. Niliwaogopa, wamepita kwa wepesi, kwa sababu ni wachache na wana hadithi.

Tooth, teeth. Zamani sana wingi wa neno hili ulikuwa na kiishio chenye sauti ya i. Sauti hiyo ikaivuta irabu ya mbele ikabadilika, kisha kiishio chenyewe kikafa. Foot, feet na mouse, mice walipita njia hiyo hiyo. Nikaandika kando yake jino, meno. Hapa ma- imekutana na -ino, a na i zikaumana zikawa e. Sisi nasi irabu zetu zina majeraha.

Children ni wingi juu ya wingi. Kiingereza cha zamani kilikuwa na wingi wenye r, childer, watu wakaona hautoshi wakaongeza -en ile ya oxen. Kwa hiyo anayesema "childrens" anaongeza wa tatu, na inatosha sasa.

Knife, knives: f ya Kiingereza cha kale ikizungukwa na sauti zinazotetema ilitamkwa v, na tahajia ikaja kufuata baadaye. Chief limeingia kutoka Kifaransa likabaki na f yake, chiefs. Roof halina udhuru huo, roofs ni la kukariri.

Woman na women yamechukua muda. Kwenye maandishi kinachobadilika ni a ya mwisho, lakini kwenye sikio kinachobadilika ni mwanzo: "wu" inakuwa "wi". Dada wa vyumba aliandika kwa penseli kwenye kadi yake, WU mmoja, WI wengi. Nimeiacha hivyo hivyo, ni bora kuliko yangu.

Jumanne, 10 Juni

Kadi 229. Jaribio la ndege, mara ya pili. Waliokuja ni tisa, wagumu wawili wameshaitwa. Kwa haki nilibadilisha neno, nikachora kikapu chenye jicho: "This is a dorp. Now there are two..." Wanane wakasema dorps, na ilikuwa s safi isiyo na mkia. Wa tisa, mama wa nyanya, alisema "Five dorp", akajishika mdomo, akasema "dorps", akaigonga kona ya meza kwa kidole mahali ambapo rangi nyekundu ingekuwa.

Kisha nikajaribu neno linaloishia na s, "a tass". Berko aliona watoto wake wakikwama hapo hapo. Waliojua glasses vizuri walishindwa kusema tasses. Wangu watano waliweza. Wanne waliacha "two tass", na nikiwauliza walisema -s imo tayari. Hilo bado nalifikiria. Fungu la -es nililolidharau Aprili linahitaji jioni mbili zaidi.

Alhamisi, 19 Juni

Mgumu wa miwani anapanda Jumamosi, njia ya Machame, siku sita. Ameomba kadi za mlimani azibebe. Nimemchagulia 40, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuzifunga kwa mpira. Ameziweka mfuko wa ndani wa koti. "Kambi ya Barafu tutafika siku ya nne," alisema, "nitasoma hapo nikikosa usingizi." Nikamwambia barafu yenyewe, ice, ni ya bluu. Alikuwa anajua.

Alhamisi, 3 Julai

Amerudi. Kadi 40 zote zipo, mbili zimelowa, bottle na spoon, nitaziandika upya. Ndani ya mfuko kulikuwa na kipande cha boksi la biskuti, kimeandikwa kwa penseli pande zote mbili. Ni maneno aliyoyasikia mlimani ambayo hatukuwa nayo, na wingi wake ameujaza mwenyewe:

a pole, poles. a glove, gloves. a zip, zips. a match, matches. a toilet tent, toilet tents. a peg, pegs. sunscreen, na mbele yake duara la bluu, hakuna wingi. a rope, ropes. binoculars, duara la kijani. dust, bluu. a porridge, imekatwa, porridge, bluu.

Yote ni sahihi. Hata matches. La mwisho ni a scarf, na mbele yake ameacha nafasi tupu na alama ya kuuliza. Nimemwambia scarves au scarfs, zote mbili zinakubalika, akaandika zote mbili. Manila ya tisa nimeshaikata.